Taarifa katika mdahalo: maana yake, jinsi ya kuitoa na kuijibu

Anayefuatilia vikao vya Bunge kutoka Dodoma anaujua mwito huu: "Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Mbunge anapewa nafasi, anasema lake, kisha Spika anamuuliza aliyekuwa akichangia kama anaipokea. Mara nyingi jibu ni "siipokei", na mchango unaendelea. Mwanafunzi wa Tanga anayeingia mashindano ya midahalo na mazoea hayo atapoteza alama bila kujua kosa lake, kwa sababu mashindanoni mpangilio umegeuzwa.

Taarifa ya mdahalo ni swali au kauli fupi, isiyozidi sekunde 15, ambayo mshiriki wa upande wa pili humtolea msemaji wakati hotuba inaendelea. Anayeamua kuipokea ni msemaji mwenyewe, si mwenyekiti, na anaamua kabla hajaisikia. Ukishasema "karibu", unatakiwa uijibu. Kuisikia kwanza halafu kusema "siipokei" si jibu. Waamuzi wataandika kwamba swali limekushinda.

Muda nao una mipaka yake. Katika mtindo wa Bunge la Uingereza, ambao vyuo vikuu hupenda kuutumia, hotuba ni dakika 7, na dakika ya kwanza na ya mwisho hazina taarifa. Mtunza muda hugonga mara moja ikifika dakika ya 1, mara moja tena dakika ya 6, na mara mbili dakika ya 7. Mashindano ya dunia ya shule za sekondari yana hotuba za dakika 8, taarifa zikiruhusiwa kati ya dakika ya 1 na ya 7. Hotuba ya majumuisho ya dakika 4 haina taarifa kabisa.

Unapotaka kutoa taarifa unasimama, unasema "taarifa", unanyamaza. Usidokeze unachotaka kusema. Ukikataliwa, hata kwa ishara ya mkono tu, kaa papo hapo na uache kama sekunde 15 au 20 zipite kabla ya kujaribu tena. Timu inayosimama kila baada ya sentensi inamsumbua msemaji, na mwamuzi makini ataikemea. Ukishajibiwa pia unakaa, hata kama jibu halikukuridhisha. Hakuna swali la nyongeza, wala kutikisa kichwa, wala kunong'ona.

Tuseme mada ni kwamba mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa yagawiwe wakulima wadogo. Msemaji anadai mkulima akipata ardhi leo, umaskini wake umekwisha. Taarifa mbovu huwa hivi: "Huoni kwamba wakulima hawana mtaji, na korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, ziko mbali, na bei ya katani inapanda na kushuka?" Hayo ni maswali matatu, na msemaji atachagua lililo rahisi, alijibu kwa kujiamini na kusonga mbele. Taarifa nzuri ni hii: "Mkonge hukaa kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mkulima wako ataishi kwa nini miaka hiyo?" Ukweli mmoja, swali moja, basi.

Msemaji aliyejiandaa atajibu: "Asante. Mkonge ukiwa mchanga, mahindi na maharage hupandwa kati ya mistari, kwa hiyo shamba linamlisha tangu msimu wa kwanza." Kisha anarudi kwenye hoja yake bila kupoteza mwelekeo. Suala la korona lina uzito wake, kwani jani likishakatwa linatakiwa kusindikwa mapema, lakini hilo ni la taarifa nyingine. Na uwe na hakika na unachokitaja: mpinzani kutoka Korogwe au Muheza ameyaona mashamba hayo kwa macho, na takwimu ya kubuni haitamponyoka.

Kwa upande wa kupokea, moja au mbili kwa hotuba zinatosha. Usipopokea hata moja utaonekana unakwepa. Ukipokea nne, kila moja ikichukua karibu nusu dakika pamoja na jibu lake, hoja yako ya mwisho utaikimbiza. Usipokee katikati ya sentensi. Sema "subiri kidogo, nimalize hoja hii", umalize, umgeukie, na utimize ahadi hiyo, maana waamuzi wanaikumbuka. Mahali pazuri ni mwishoni mwa hoja unayoimudu kuliko zote.

Jambo dogo linalotugharimu sana huku kwetu ni salamu. "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waheshimiwa waamuzi, walimu walezi, wageni waalikwa..." inakula nusu ya dakika ile ambayo hakuna anayeweza kukukatiza. Heshima inatimia kwa "Mheshimiwa mwenyekiti na waamuzi". Dakika hiyo itumie kueleza msimamo wako kwa utulivu.

Maandalizi ya taarifa huanzia kwenye muda wa kujiandaa baada ya mada kutangazwa, ambao katika mtindo wa Bunge la Uingereza ni dakika 15, na kwa kawaida simu haziruhusiwi. Timu nyingi huumaliza wote kwenye kuandika hotuba. Tengeni dakika 2 au 3 mjiulize: swali gani tungeliogopa kuliko yote? Andikeni jibu lake kwa sentensi moja. Wakati wa kusikiliza, kuwa na karatasi ya pembeni ya taarifa pekee. Kila dai la mpinzani linaloonekana jepesi, andika swali lake hapo hapo, uchague moja bora kabla ya kusimama.

Mazoezini, mmoja azungumze dakika 4 na wenzake wasimame kumtolea taarifa kila baada ya nusu dakika. Akatae nyingine kwa adabu, apokee mbili, na kila jibu lipimwe kwa saa. Likizidi sekunde 20, alirudie hapo hapo kwa ufupi zaidi.