Hatua si Kazi ya Koreografa

Mimi ni koreografa, yaani mtunzi wa maonyesho ya dansi. Hoteli nyingine hapa Malindi imenipigia simu: "Njoo uwafundishe vijana hatua mbili tatu za kuwafurahisha wageni, si ndiyo kazi yenu?" Siyo. Nimechoka kulisikia hilo. Hatua vijana wanazo. Hawa wa vikundi vya Kigiriama wanatingisha mabega kwa namna ambayo mimi siwezi kuwafundisha.

Kazi yangu inaanzia hapo. Chukua mwanzele, ngoma ya Wagiriama. Kayamba inalia, mabega yanaitikia. Naisimamisha kayamba, nawaambia waendelee. Hakuna tena wa kuwashikia mdundo, kwa hiyo kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Mabega yanapishana, halafu taratibu yanakutana. Ukimya huo udumu kiasi gani? Binti mmoja nikimgeuza awape watazamaji mgongo, macho yote yanamfuata, na hajaongeza hata hatua moja. Akigeuka mapema, watu wanatazama uso wake na kuyasahau mabega. Akichelewa, hando, ile sketi yao ya marinda, inazoeleka machoni na mgongo unapoteza nguvu. Uamuzi huo mmoja unaweza kula mchana mzima, na hakuna hoteli itakayoulipia.

Kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sijibu kwa urefu. Koreografa Mkenya Opiyo Okach alianzisha kundi la dansi la Gàara jijini Nairobi mwaka 1996 pamoja na Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen. Na wanaosema miaka 35 ndiyo mwisho wa kazi, mchezaji dansi Germaine Acogny wa Senegal, aliyezaliwa 1944, alikuwa bado jukwaani baada ya kupita miaka 70. Pesa? Warsha, kufundisha na ruzuku. Maonyesho yenyewe hulipa kidogo.

Linaloninyima usingizi ni kifudu. Ni ngoma ya matanga, na ndiyo Mekatilili wa Menza aliyoitumia 1913 kuwakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza. Natamani sana kuifanyia kazi. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa na utamaduni wa jadi inataka ridhaa ya jamii, lakini jamii hiyo inasemewa na nani? Wazee niliowauliza hawakubaliani wao kwa wao. Kina mama wanaoicheza, hao hakuna anayewauliza. Nitaanza nao, na mpaka waseme, kifudu hakiingii kwenye mazoezi yangu.