Blackjack: maana yake, na jinsi karata zinavyogawiwa

Blackjack ni mchezo wa karata ambao kila mchezaji anapambana na mgawaji, wala hana ugomvi na waliokaa pembeni yake. Wengi husema lengo ni kufika 21. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Lengo ni kumshinda mgawaji bila wewe kuvuka 21, na unaweza kumshinda ukiwa na 13 tu, ilimradi yeye avuke.

Jina hilo lina maana mbili. Ni mchezo mzima, na pia ni mkono mmoja maalumu: ree pamoja na karata yenye thamani ya 10, zikiwa ndizo karata zako mbili za mwanzo. Ukifika 21 kwa karata tatu, hiyo si blackjack, na mgawaji mwenye blackjack halisi anakushinda.

Karata za 2 hadi 10 zinahesabiwa kama zilivyoandikwa. Jeki, kwini na kingi ni 10 kila moja. Ree ni 1 au 11, kwa vile inavyokufaa. Kopa, uru, shupaza na pao hazina kazi yoyote hapa. Mkono wenye ree inayosomeka 11 huitwa laini, kwa kuwa karata moja ya ziada haiwezi kuuvusha. Tuseme una ree na 6, yaani 17 laini. Ukaomba karata, ikaja 9. Wageni wa mchezo huhesabu 26 na kutupa mkono, kumbe ree imeshuka kuwa 1 na wana 16, bado wamo mchezoni.

Mgawaji anachanganya karata, anampa mchezaji mmoja azikate, kisha anaiondoa karata ya juu kabisa na kuiweka kando bila kuitumia. Madau yanawekwa kabla karata haijatoka, na yakishawekwa hayaguswi. Ugawaji unaanzia kushoto kwa mgawaji: karata moja ya wazi kwa kila mchezaji, moja ya wazi kwake mwenyewe, halafu duru ya pili, na hii yake ya pili inalala kifudifudi. Zipo meza ambazo mgawaji hajipi karata ya pili mpaka wachezaji wote wamalize.

Zamu nazo zinaanzia kushoto. Mchezaji anaweza kuomba karata, au kutosheka na alizonazo. Anaweza pia kuongeza dau mara mbili na kupokea karata moja tu, jambo linalofaa sana ukiwa na 11 huku mgawaji akionyesha 6. Na akipata karata mbili za thamani sawa, anaweza kuzitenganisha ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Ree mbili au 8 mbili zitenganishe daima. 10 mbili ziache, hiyo ni 20 tayari. Kwenye kasino utatakiwa uonyeshe kwa mkono pia: kugonga meza kwa kidole ni kuomba karata, kupunga kiganja juu ya meza ni kutosheka. Ishara inaonekana kwenye kamera, kwa hiyo ubishi ukizuka kuna ushahidi.

Wote wakimaliza, mgawaji anafunua. Yeye hana uhuru wa kuchagua: akiwa na 16 au chini lazima aongeze, akifika 17 anasimama. Tofauti ipo kwenye 17 laini tu. Meza nyingine humlazimisha aongeze, na hilo linamuumiza mchezaji kidogo. Mkilingana ni sare, dau lako linarudi.

Kama sheria zinafanana kiasi hiki, faida ya mgawaji inatoka wapi? Kwenye zamu. Mchezaji anatangulia, na akivuka 21 dau lake linachukuliwa palepale, hata kama baadaye mgawaji naye atavuka. Mgawaji huvuka takriban mara 28 katika kila mikono 100. Ukicheza kwa kumwiga, mtavuka wote wawili karibu mara 8 katika 100, na zote hizo ni zake. Ndiyo maana mwenye 16 anatulia mgawaji akionyesha 6. Ukiomba karata juu ya 16 ngumu, yaani isiyo na ree inayosomeka 11, aina 8 kati ya 13 zinakuvusha. Mwache yeye avuke: anafunua 10, ana 16, analazimika kuongeza, inakuja 8, jumla 24. Lakini akionyesha 7 au zaidi, 16 hiyo hiyo huiombea karata, kwa sababu ukisubiri tu utapoteza mara nyingi zaidi.

Mgawaji akionyesha ree, wachezaji hupewa nafasi ya kuweka bima: nusu ya dau, inayolipa mbili kwa moja iwapo ana blackjack. Ikatae. Karata za thamani ya 10 ni aina 4 kati ya 13, na malipo hayo yanahitaji theluthi nzima ndipo usipate hasara.

Kabla ya kukaa, soma malipo ya blackjack yaliyoandikwa mezani. Tatu kwa mbili maana yake dau la 10 linakuletea 15. Sita kwa tano linakuletea 12 tu, na kasoro hiyo peke yake huongeza faida ya kasino kwa zaidi ya asilimia 1, wakati mchezaji makini kwenye meza nzuri anakabiliwa na karibu nusu asilimia tu.

Mkicheza wenyewe kwa wenyewe, kubalianeni mapema kuhusu sare na 17 laini, na msimruhusu anayegawa aamue kusimama kwenye 15 kwa sababu ameona karata za wenzake. Kwa kuwa kiti chake ndicho chenye faida, kisikaliwe na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mchezaji akipata blackjack na mgawaji hana, mkono unaofuata agawe yeye.