Hoteli Iliyokamilika Haimo Kwenye Picha ya Kompyuta

Wiki iliyopita mteja aliniuliza kwa nini nimeweka kwenye bajeti gharama ya kwenda kulala usiku tatu katika hoteli ambayo, kwa maneno yake, nimekuwa nikiiona kwenye kompyuta kwa mwaka mzima. Swali hilo nimeulizwa na wateja, wakandarasi na hata wabunifu wenzangu wa mambo ya ndani, na kila mara nimelijibu kwa sentensi mbili za adabu. Safari hii nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu imani iliyomo ndani yake inaharibu hoteli.

Wanaoamini hivyo hudhani kwamba picha ya kompyuta ni jengo lenyewe likisubiri saruji, na kwamba likishasimama kazi iliyobaki ni kulilinganisha na picha. Mimi hutengeneza picha hizo na ninajua zinavyopatikana. Kamera huwekwa nyuma ya ukuta ulioondolewa kwa muda, mahali ambapo hakuna binadamu atakayesimama, kisha lenzi hupanuliwa hadi chumba chembamba kionekane kama ukumbi. Mara nyingi urefu wa jicho huwa mita 1.6 hivi, yaani jicho la mtu aliyesimama, ilhali mgeni wa hoteli hukaa chumbani saa nyingi zaidi akiwa kitandani. Katika miaka yote ya kazi yangu sijawahi kuombwa picha iliyopigwa kutoka kwenye mto wa kitanda, na ni hapo kwenye mto ndipo nilipogundua, katika hoteli niliyoitembelea hivi karibuni, kwamba taa ya darini niliyoipanga kwa uangalifu ilikuwa ikichoma macho.

Kuhusu vipimo sitasema mengi, kwani futi ya fundi inatosha. Kinachonikera ni jinsi watu wanavyozungumzia rangi na nuru.

Ofisini nilikuwa nimechagua kitambaa cha kijivu cha ubao wa kichwani mwa kitanda pamoja na rangi ya ukuta inayolingana nacho, na karibu na dirisha vilifanana kama pacha. Usiku hotelini, chini ya taa za Kelvini 2,700, yaani za nuru yenye unjano, kitambaa kilielekea ukijani na ukuta ukaelekea uwaridi. Si mkandarasi aliyebadilisha rangi, wala si kiwanda kilichokosea. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya nuru moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa jicho hujumlisha mawimbi ya nuru badala ya kuyasoma moja moja. Wataalamu huliita jambo hili metamerizimu. Programu nyingi za picha huhesabu nuru kwa namba tatu tu, nyekundu, kijani na bluu, kwa hiyo hata ningetazama skrini mwaka mwingine mzima nisingeliona kosa hilo.

Nijibiwapo kwamba dawa yake ni kuandika kwenye mkataba «taa zenye Ra 80», subira hunipungukia. Ra ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, lakini ni wastani wa sampuli 8 za rangi zilizopauka, na nyekundu iliyokolea, ile inayopimwa peke yake kwa jina la R9, haimo katika wastani huo. Taa ya LED inaweza kufikia Ra 80 huku R9 yake ikikaribia sifuri, na hapo ngozi ya mgeni kwenye kioo cha bafuni, nyama kwenye sahani na mbao nyekundu za mapokezi vyote hufifia kwa pamoja. Katika hoteli hiyohiyo taa za mapokezi zilibadilishwa dakika za mwisho kwa nyingine zenye Kelvini zilezile na Ra ileile. Karatasi hazikuwa na kosa hata moja, lakini mbao zilikuwa zimekufa, na nililiona hilo mara tu nilipovuka mlango. Anayesema tofauti hiyo ni ya wataalamu peke yao amwulize mgeni kwa nini amejiona mgonjwa kwenye kioo.

Wala majirani wa rangi si jambo dogo. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikosa nguvu. Akabaini kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro, bali rangi zilizozizunguka ndizo zilizozibadilisha machoni, na mwaka 1839 akachapisha matokeo yake. Hoteli iliyokamilika ina majirani wasiokuwamo kwenye picha zangu: alama ya kijani ya njia ya dharura, sare za wahudumu, miti inayorudisha nuru yake hadi darini.

Sauti nayo haionekani kabisa. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu sekunde 5.5 hivi kabla ya kuzimika, naye akapima tofauti kwa kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga humo. Tangu hapo tunajua kwa vipimo kuwa vitu laini humeza sauti, na bado mazulia ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Nakiri pia kwamba kuna mambo ambayo vitabu vyetu huyasema kwa uhakika kuliko ninaoweza kuutetea. Nilifundishwa kanuni ya mtafiti wa nuru Kruithof ya mwaka 1941, kwamba nuru hafifu hupendeza ikiwa ya joto, yaani yenye unjano, na nuru kali hupendeza ikiwa ya ubaridi, yaani yenye ubluu. Tafiti za baadaye hazikuiunga mkono kwa uthabiti, na bado ninaitumia, kwa sehemu kwa sababu kila ninayefanya naye kazi ameizoea. Hata kukaa kwangu usiku tatu kuna udhaifu wake, kwa kuwa ninatazama nikijua nilichokusudia, na jicho la namna hiyo husamehe mengi.

Ndiyo maana siitegemei siku ya uzinduzi, ambapo kila kitu ni kipya na kila mtu anapongeza. Hurudi baada ya miezi kadhaa na kuwaomba wanaosafisha vyumba wanionyeshe kinachowachosha. Katika ziara hii mmoja wao alinipeleka chumba baada ya chumba akinionyesha kiti cha aina ileile. Kwenye mchoro nilikiweka kando ya dirisha, kikitazama nje. Yeye hukirudisha hapo kila asubuhi, na kila asubuhi hukikuta kando ya kitanda kikiwa na simu iliyokuwa ikichajiwa juu yake, kwa sababu soketi ya upande huo niliipanga chini sana na bila mahali pa kuweka kitu. Tumekubaliana na mwenye hoteli kuongeza rafu ndogo na kuipandisha soketi, tukianzia vyumba vya ghorofa moja, na baada ya hapo nitarudi kumwuliza tena kiti hicho anakikuta wapi.