“Kwani Anataka Kuwa Rabi?” Dhana potofu kuhusu kusoma historia na lugha za Wayahudi chuo kikuu

Mwambie jirani kwamba binti yako anasoma historia na lugha za Wayahudi chuo kikuu. Atauliza kama anataka uchungaji. Kabla hujamjibu, atauliza kwa sauti ya chini kama amebadili dini.

“Hilo ni somo la dini”

Dhana hii ilizaliwa vyuoni kwenyewe. Cambridge ilipata profesa wa Kiebrania mwaka 1540, Oxford mwaka 1546. Wakati huo Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1656. Kwa hiyo lugha ilifundishwa katika nchi ambayo haikuwataka wenye lugha. Maprofesa walikuwa wanalitafuta Agano la Kale, na Myahudi aliye hai hakuwahusu.

Wayahudi walipotaka historia yao isomwe kama ya watu wengine wote, mlango ulifungwa. Leopold Zunz, mmoja wa vijana walioanzisha chama cha utafiti huo Berlin mwaka 1819, aliomba mwaka 1848 Chuo Kikuu cha Berlin kiweke uprofesa wa historia na fasihi ya Wayahudi. Akakataliwa. Mwaka 1872 Wayahudi wakafungua taasisi yao wenyewe jijini humo, nayo Wanazi wakaifunga mwaka 1942.

Siku hizi mwanafunzi hukabidhiwa barua za wafanyabiashara, hati za talaka, magazeti na mashairi, kisha hutahiniwa kama mwanahistoria mwingine yeyote. Anayetaka kuwa rabi huenda seminari au yeshiva, yaani chuo cha dini cha Kiyahudi. Wangapi wamesoma historia ya Uislamu chuoni, na ni nani aliyewahi kuitwa sheikh kwa sababu hiyo?

“Lazima uwe Myahudi”

La. Ujerumani na Poland, wengi wanaokaa kwenye madarasa haya si Wayahudi.

“Ni historia ya vilio tu”

Aliyeipinga dhana hii kwa nguvu kuliko wote ni Salo Baron, ambaye tangu 1930 alifundisha historia ya Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Katika makala ya 1928 alihoji desturi ya kuisimulia historia hiyo kama msururu wa mateso. Kwake, Wayahudi wa Zama za Kati walikuwa na mahakama zao, kodi zao na biashara zao, na mara nyingi hali yao haikuwa mbaya kuliko ya mkulima Mkristo aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake.

Baadaye wazazi wake na dada yake waliuawa na Wanazi huko Tarnów, Poland. Mwaka 1961 alitoa ushahidi Jerusalem katika kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa. Msimamo wake kuhusu historia hakuuacha. Maangamizi ya Wayahudi milioni 6 yanafundishwa, tena kwa kina, lakini huwezi kuelewa kilichoteketezwa kama hujui watu hao waliishi vipi, waliimba nini na waligombania nini sokoni.

“Wana lugha moja tu, Kiebrania”

Hapa ndipo somo lenyewe lina utamu, hasa kwa msomaji wa Kiswahili. Sisi tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na haikukifanya kuwa Kiarabu. Wayahudi nao walichukua herufi 22 za Kiebrania na kuandikia lugha za majirani zao. Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kina mifupa ya Kijerumani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kilizungumzwa na watu zaidi ya milioni 10, na mwaka 1978 Isaac Bashevis Singer, aliyekiandikia maisha yake yote, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kiladino ni Kihispania walichobeba waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wakaendelea kukisema Istanbul na Thessaloniki. Wayahudi wa Ethiopia wao walisoma maandiko yao kwa Kige’ez.

Halafu kuna Kiarabu cha Wayahudi. Musa bin Maimuni, ambaye Ulaya humwita Maimonides, aliandika kitabu chake kikuu cha falsafa kwa Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania. Aliishi Fustat, Kairo ya kale. Katika sinagogi moja la huko palikuwa na chumba cha kutupia karatasi chakavu, maana ilikuwa mwiko kuharibu karatasi yenye jina la Mungu, na watu wakazoea kutupia humo kila kilichoandikwa. Solomon Schechter, msomi wa Cambridge, alifika mwishoni mwa 1896, akahamishia Cambridge vipande zaidi ya 190,000.

Ndani yake zimo barua za Bahari ya Hindi. Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Tunisia, alihamia pwani ya Malabar, India, na mwaka 1132 akamwacha huru mtumwa aliyeitwa Ashu, ambaye ndiye aliyemzalia watoto. Mwenzake wa Aden alimtumia karatasi, sukari na zabibu, naye akarudisha pilipili manga na chuma. Walingojea kusi na kaskazi kama manahodha wa Lamu. Mdogo wake Musa bin Maimuni, David, alizama kwenye bahari hiyohiyo akiwa safarini kibiashara, na kaka mtu akaandika kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa majonzi.

“Hayatuhusu huku”

“Mpango wa Uganda” wa mwaka 1903, Uingereza ilipojitolea kuwapa ardhi Wazayuni, yaani waliokuwa wakidai Wayahudi wapate nchi yao, haukuhusu Uganda ya leo. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya, iliyokuwa imehamishwa kutoka himaya ya Uganda mwaka 1902 tu. Wenyeji hawakuulizwa. Mkutano wa Wazayuni ulilikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Uganda yenyewe ina Abayudaya karibu na Mbale, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na zaburi huziimba kwa Kiganda. Hizo ni mada mbili za tasnifu ambazo mtu wa huku angezianza akiwa mbele ya wenzake.

“Kiebrania hakijifunziki”

Eliezer Ben-Yehuda, aliyepigania Kiebrania kirudi kuwa lugha ya kila siku, alipofika Jerusalem mwaka 1881, karibu hakuna mtoto aliyekuwa na Kiebrania kama lugha ya mama. Mwanawe aliyezaliwa mwaka uliofuata alilelewa kwa lugha hiyo peke yake. Kikapanda kutoka hapo.

Wewe tayari una mtaji, kupitia maneno tuliyoyapata kwa Waarabu: mia ni *mea*, elfu ni *elef*, saba ni *sheva*, nafsi ni *nefesh*, kaburi ni *kever*. Pa kukwama ni kwingine. Irabu kwa kawaida haziandikwi, na mwezi wa kwanza utasoma sentensi moja kwa dakika tano. Aliyewahi kuhangaika na utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu anazijua dakika hizo.