Je wajua kwa nini iodini iliyowapa watoto kansa ya thairoidi ndo hiyohiyo inayowatibu?

Tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya shingo kama kipepeo, ina ulafi mmoja tu nao ni wa iodini, yaani madini joto yale yanayowekwa kwenye chumvi. Inayanasa kwenye damu itengenezee homoni, shida haijui kubagua, ikipita ya kawaida inachukua, ikipita yenye mionzi inachukua vilevile.

Sasa angalia Chernobyl, 26 Aprili 1986. Mtambo wa nyuklia umelipuka, iodini 131, ndo ile yenye mionzi, ikapeperuka na upepo ikatua kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Kikombe kilekile wakinywa mtu mzima na mtoto wa miaka 3, tezi ya mtoto ni ndogo mno so mionzi yote inajazana hapo, na seli zake bado zinagawanyika kwa kasi maana anakua. Miaka kama 4 baadaye kansa hii, ambayo kwa watoto ni nadra sana, ikaanza kuongezeka Belarus na Ukraine. Kinachoniuma ni kwamba iodini 131 inapungua nusu kila siku 8, kwa hiyo kuwanyima watoto maziwa yale miezi miwili mitatu tu kungeokoa wengi! Poland waliwahi kugawia watoto wao iodini ya kawaida, tezi zikishiba hiyo ya mionzi inakosa pa kukaa.

Watoto wengi wanaopata kansa hii leo hawajawahi kuwa karibu na mlipuko wowote. Mara nyingi inakutwa imeshafika kwenye mitoki ya shingo, wengine hadi mapafuni, na bado wengi mno wanapona. Kivipi? Tezi inatolewa kwa upasuaji, kisha anayehitaji anameza iodini 131, na seli za kansa zilizobaki, popote zilipojificha, zina ulafi uleule wa tezi zilikotoka, zinaidaka zenyewe na kuunguzwa kutokea ndani. Ndo maana kabla ya dozi anapunguziwa vyakula vyenye iodini wiki kama 2 hivi, zikae na njaa. Baada ya hapo ni kidonge cha homoni kila siku, maisha yote.

Mzazi, uvimbe wa kansa hii kawaida hauumi na mtoto anacheza kama kawaida. Mpe maji anywe huku unamtazama shingo, ukiona uvimbe unapanda na kushuka kila akimeza, mpeleke akapimwe.