Mugabi hakumshinda Hagler: maana ya "ushindi mkubwa"

Nilikuwa kwa kinyozi kule Kisenyi, Kampala, upande wa kulia wa kichwa umeshakwisha na wa kushoto bado, kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu akatangaza kwamba ushindi mkubwa kuliko wote wa bondia wetu John Mugabi ni ule wa Mmarekani Marvin Hagler. Kinyozi akazima mashine ili aingie vizuri kwenye mjadala. Wawili watatu wakaitikia, "Kabisa! Las Vegas ile!" Mzee mmoja wa Kinubi, ambaye pale kila mtu humwita Afande, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mugabi alipigwa," akasema. Zogo likaanza, nami nikakaa na nusu kichwa kwa robo saa nzima.

Si kijana huyo peke yake. Kauli hiyo nimeisikia kwenye bodaboda, nimeisikia msibani, na kila mara anayeisema ni mtu anayempenda Mugabi kwa dhati. Kwa hiyo tuliweke neno mahali pake.

Maana yenyewe ni fupi. Ushindi mkubwa wa bondia ni pambano aliloshinda ambalo, ukimtazama mpinzani jinsi alivyokuwa usiku ule, hali ya bondia mwenyewe na mahali walipopigana, linayapita mengine yote aliyowahi kushinda. Kwanza awe ameshinda. Hilo ndilo linalosahaulika.

Sasa tuje kwenye neno, maana hapo ndipo penye utamu. Kushinda kwa Kiswahili ni kumbwaga mtu, na pia ni kupitisha mchana. Ukiniuliza "umeshindaje?" nitakujibu nimeshinda salama, wala hakuna aliyetolewa meno. Nilimwambia jirani yangu Mganda, anayejifunza Kiswahili kwa bidii, kwamba Jumapili nilishinda Bombo kwa shangazi. Akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, shangazi anaendeleaje. Hana lawama. Kwa Kiluganda kupitisha mchana ni okusiiba na kumbwaga mtu ni okuwangula, maneno mawili yasiyojuana. (Konde letu, kwa upande mwingine, analijua vizuri: mchezo wenyewe kwao ni ebikonde.)

Mimi huzisikia maana hizo mbili zikikaribiana ulingoni. Mshindi ni yule ambaye siku ikiisha bado yupo. Mtazame Muhammad Ali mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa ameingia na mapambano 40 bila kupoteza hata moja, 37 kati ya hayo kwa KO, yaani mpinzani amelazwa asiweze kuendelea. Joe Frazier na Ken Norton, ambao wote wawili walikuwa wameshawahi kumshinda Ali, Foreman alikuwa amembwaga kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha jamaa apige mbavu mpaka mikono ikamwishia nguvu, kisha raundi ya nane akamlaza. Alishinda kwa kushinda pale kwenye kamba. Afande, aliyeupinga kila mfano wangu, alisema pambano lile lilianza saa kumi alfajiri, na saa hiyo mtu hashindi, hukesha. Nikamwachia hiyo.

Lakini kuna jozi nyingine ambayo tumeiacha ife, nayo ingetuokoa. Kamusi za zamani zina mshindi na mshinde, ushindi na ushinde. Mshindi ni aliyeshinda. Mshinde ni aliyeshindwa. Irabu moja tu ya mwisho, na mtu amehama kona. Si ajabu ya neno hili peke yake: Kiswahili kina -e ya namna hiyo kwa yule aliyetendwa. Mtume ni aliyetumwa, hakujituma. Mteule ni aliyeteuliwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Na mshinde vivyo hivyo, ni yule ambaye jambo limempata. Tungekuwa bado tunayatumia maneno haya, kijana wa Kisenyi angeweza kusema bila aibu yoyote kwamba ushinde mkubwa kuliko wote wa Mugabi ni ule wa Hagler, na Afande mwenyewe angeweka simu chini na kuitikia.

Maana kweli ulikuwa ushinde mkubwa. Tarehe 10 Machi 1986, Caesars Palace, Las Vegas. Mugabi, mtoto wa Kampala, aliyerudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow ya 1980, alikuwa hajapoteza pambano la kulipwa, na yote aliyoshinda aliyamaliza kwa KO. Akapanda uzito kumfuata Marvin Hagler, bingwa ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa amemvunja Thomas Hearns katika raundi tatu. Walipigana makonde ya kuumizana kweli mpaka raundi ya 11, Mugabi akaenda chini na hesabu ikaisha. Ule ulikuwa ushindi wa mwisho wa Hagler maishani: mwaka uliofuata alipoteza kwa pointi kwa Sugar Ray Leonard, akaacha ngumi moja kwa moja. Mtu akikuambia usiku ule wa Machi ulikuwa na ushindi mkubwa, mkubalie. Ila mwenyewe ni Hagler.

Na hapa kuna kosa la sarufi linalosaidia kosa la historia. "Ushindi wa Hagler." Hiyo "wa" ni ya mwenye mali. Nyumba ya Hassani ni yake Hassani, ushindi wa Hagler ni wake Hagler. Lakini mtaani tunaitumia kwa aliyepigwa pia: "ushindi wa Foreman" tukitaka kusema Ali alimshinda Foreman. Kiswahili kimetupa "dhidi ya" kwa kazi hiyo hiyo, ni maneno mawili mafupi, na hayatozwi kodi. Ushindi wa Ali dhidi ya Foreman. Ukishazoea kusema hivyo, jaribu kutamka "ushindi wa Mugabi dhidi ya Hagler" uone kama ulimi hautakusimamisha wenyewe.

Nimejiuliza kwa nini kosa hili limestawi sana huku kwetu, nikagundua kitu: mabingwa wetu tunawakumbuka kwa mapambano waliyoshindwa. Ayub Kalule? Mtu atakutajia Houston, Juni 1981, na Leonard, ambaye alimsimamisha raundi ya tisa. Cornelius Boza-Edwards? Bobby Chacon, 1983, pambano lililotajwa kuwa bora la mwaka ule, na Boza akapoteza kwa pointi. Mugabi, Hagler. Tatu kwa tatu. Yalikuwa mapambano makubwa, yalionwa dunia nzima, wapinzani walikuwa na majina ambayo hata bibi yangu aliyajua. Pambano likiwa kubwa, tunaona kama ukubwa huo unamwagika kwa wote wawili waliokuwamo. Kwa heshima, sawa, unamwagika. Kwa hesabu, haumwagiki.

Na huku nyuma ushindi wenyewe umelala bila mtu wa kuuamsha. Kalule alikwenda Akita, Japani, Oktoba 1979, akamkabili Masashi Kudo mbele ya watu wa Kudo, raundi 15 kamili, akatoka na mkanda wa dunia wa chama cha WBA. Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Raundi 15 ugenini, mbele ya bingwa ambaye hakuna aliyekuwa amewahi kumpiga! Pale kwa kinyozi nilipolitaja jina la Kudo, mmoja aliniuliza kama ni aina ya pikipiki. Boza-Edwards naye alimshinda Rafael Limón kule California Machi 1981, raundi 15 vilevile, akauchukua mkanda wa WBC, chama kingine cha ngumi za dunia, na karibu miezi mitatu baadaye akautetea dhidi ya Chacon huyo huyo tunayemkumbuka kwa kumpiga Boza. Chacon alibaki kwenye kiti baada ya raundi ya 13. Pambano hilo la kwanza halina mashabiki Kisenyi.

Kinyozi, ambaye hakuwa ameshika mashine muda wote huo, alileta hoja ya maana. Akasema, "Lakini mzee, Mugabi si aliwahi kuwa bingwa wa dunia? Basi huo ndio ushindi wake mkubwa." Alikuwa bingwa, ndiyo. Julai 1989, Ufaransa, dhidi ya René Jacquot. Raundi ya kwanza Jacquot akateguka kifundo cha mguu, hakuweza kuendelea, mkanda ukaenda kwa Mugabi. Mkanda ni halali, jina lake limeandikwa, hakuna wa kulifuta. Ila mimi siwezi kuuita mkubwa ushindi ambao kazi kubwa ilifanywa na mguu wa mpinzani. Hapa tena lugha inatusaliti kidogo, kwa sababu bingwa tangu hapo lilikuwa neno la mtu hodari wa jambo, fundi aliyebobea. Daktari bingwa hakumpiga daktari mwenzake ili apate cheo. Tumelivuta neno hilo likawa jina la mwenye mkanda, na tangu hapo tunadhani siku ya mkanda ndiyo siku ya ubingwa. Mara nyingine ni hivyo. Kwa Kalule ilikuwa hivyo. Kwa Mugabi sivyo, na Machi 1990 Terry Norris aliuchukua mkanda ule ndani ya raundi moja.

Kuna na jina la mpinzani, ambalo huwadanganya hata wajuzi. Larry Holmes alimshinda Muhammad Ali mwaka 1980. Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali mwaka 1971. Ukiandika kwenye karatasi ni mstari ule ule. Lakini Ali wa Frazier alikuwa hajawahi kupoteza, na raundi ya 15 Frazier alimwangusha kwa konde la kushoto ambalo picha yake bado inabandikwa ukutani. Ali wa Holmes alikuwa na miaka 38, alikaa kama mtu aliyesahau kilichomleta, na wasaidizi wa kona yake wakamzuia baada ya raundi ya 10. Sijakutana na mtu anayeipenda ngumi akautaja usiku ule kwa furaha, na Holmes alikuwa bingwa mzuri sana aliyestahili kusifiwa kwa mengine. Kwa hiyo swali la "alimshinda nani" halitoshi bila "lini". Afande alisema ni kama kujisifu ulimshinda simba mbio, bila kutaja kwamba simba alikuwa amezeeka na ana kwashakoo.

Kishindo nacho ni jambo jingine. Watangazaji wanapenda "ushindi wa kishindo", na neno ni zuri, ni sauti ya kitu kizito kikianguka. Mike Tyson dhidi ya Michael Spinks, sekunde 91, kishindo kweli, na kwa kuwa Spinks alikuwa hajawahi kupoteza sitabishana na anayeuita ushindi mkubwa wa Tyson. Lakini Kalule dhidi ya Kudo haukuwa na kishindo. Ulikuwa kazi ya dakika 45, pointi kwa pointi. Ukipima kwa kishindo tu utauacha nje.

Kijana hakuwa mkaidi. Aliniuliza, "Basi mzee, wewe ungesema upi wa Mugabi?" Nikamtajia Frank Fletcher, 1984, Mugabi akiwa bado anapanda na Wamarekani wakianza kuogopa kumpa pambano. Hakumjua. Afande akasema hata huo mkubwa ni neno zito. Inawezekana. Kuna mabondia ambao pambano lao kubwa linazidi ushindi wao wote kwa mbali, na Mugabi ni mmoja wao. Hilo halimpunguzii kitu.

Basi mwanangu, ukitaka kumsifu Mugabi kwa kinyozi, badilisha neno moja tu. Sema pambano lake kubwa ni lile la Hagler. Hakuna atakayezima mashine, na mimi nitanyolewa kichwa kizima.