Ati jibu la kwanza ndo sahihi? Hapana jamani

Kila msimu wa mitihani hapa Mombasa, Likoni mpaka Kisauni, watoto wanaambiwa ati kwenye hesabu za kuchagua A, B, C, D usibadilishe jibu, la kwanza ndo huwa sawa. Hii imani inawapotezea maksi bure.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walitoa utafiti wa pepa za saikolojia za Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakaangalia palipofutwa kwa raba: asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sawa, 25 tu ndo yaliharibu. Sasa mbona twaamini kinyume? Manake ukifuta jibu lililokuwa sawa inauma na hutasahau, lakini lile uliloliokoa wala hulikumbuki.

Na kwa hesabu mambo ni wazi zaidi, kwa sababu waweza kuhakikisha. Chukua hii: leso imepunguzwa bei asilimia 20, sasa yauzwa 800, mwanzo ilikuwa ngapi? Haraka haraka mtu ajumlisha asilimia 20 ya 800, apata 960, na kweli 960 ipo hapo inamngoja, mtunzi ameiweka makusudi. Lakini toa asilimia 20 kwa 960, wapata 768. Jaribu 1,000, yatoka 800 kamili. Sasa hapo kwa nini usifute?

Ila usibadilishe kwa wasiwasi tu, uwe na sababu. Mkifanya pepa za zamani nyumbani, mtoto asiishie kutiki, kila jibu la uongo kati ya hayo A, B, C, D ajiulize limetokana na kosa gani.